Pembe za Mbawala: Mpiga Upinde wa Usambara Atarajie Kipimo Gani?

Somo la Elimu ya Viumbe, limeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Hapana kitu kinachokua upesi kama pembe za mnyama aliyekwisha kuliwa. Mmoja husema kwamba pembe za mbawala aliyeuawa na babu yake zilifika dhiraa mbili. Wa pili, asikubali kushindwa, husema za babu yake zilipita hapo. Katika mabweni ya shule yetu ubishi huu haupungui, maana tumetoka pande zote za milima: Mlalo, Mtae, Bumbuli, Soni, na wengine huko chini Mnazi na Mombo. Lakini ukiwauliza wabishi kama yuko aliyezipima pembe hizo kwa utepe, wote hunyamaza.

Ubishi huo ungalikuwa mchezo tu kama usingalikuwa na madhara. Habari kubwa kuliko kweli yaweza kumtoa kijana nyumbani usiku, na upinde begani na mbwa nyuma yake, akaingia msituni kutafuta kitu kisichokuwako. Akikamatwa, masomo yake yamekwisha. Asipokamatwa, ameua mnyama mchanga bure, akarudi na pembe ambazo hata yeye mwenyewe aona haya kuzionyesha.

Basi katika somo hili nataka kujibu swali moja tu. Mtu akiwa na upinde katika milima yetu ya Usambara, yampasa atarajie pembe za urefu gani? Nitaonyesha kwamba jibu ni dogo kuliko tunavyosimuliana, na kwamba sababu zake ni tatu: hesabu, tabia ya upinde wenyewe, na umri wa mnyama.

1. MNYAMA TUNAYEMZUNGUMZIA

Mbawala, ambaye wengine humwita pongo, ni mnyama wa vichaka na wa kingo za msitu. Hupenda mahali penye maji karibu na majani mabichi, na kwa hiyo nchi yetu, yenye mabonde mengi ya mito na misitu iliyopakana na mashamba, yamfaa sana. Hatembei kwa makundi kama swala wa tambarare. Huenda peke yake, au jike na mtoto wake. Mchana hujificha, na jua likizama hutoka kula majani, machipukizi, maua, na matunda yaliyoanguka. Mwenye shamba la maharage kando ya msitu amjua vizuri. Akishtuka hubweka kama mbwa, hata mgeni hudhani pana nyumba ya watu karibu.

Jike ni mwekundu na hana pembe. Dume ni mkubwa zaidi, na rangi yake huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Dume mzima ana uzito wa kilo 40 mpaka 80 hivi, na jike kilo 25 mpaka 60. Wote wawili wana madoa na mistari meupe ubavuni, na chini ya mkia mna weupe uonekanao wakikimbia. Adui yao mkubwa msituni ni chui. Wala mtu asimdharau mbawala kwa udogo wake, maana dume aliyejeruhiwa na kuzungukwa na mbwa hugeuka akapigana, na pembe zake ni kali kama mikuki.

2. PEMBE ZA MBAWALA NA PEMBE ZA AYALA

Yafaa kwanza tufahamu pembe ni kitu gani, kwa sababu wengi huchanganya aina mbili.

Huko Marekani kuna mnyama apendwaye sana na wawindaji, naye ni ayala wa mkia mweupe. Waliosoma Zaburi wamekwisha kulikuta jina la ayala. Katika Afrika, ayala wa porini wa asili wapatikana kaskazini tu, katika misitu ya Aljeria na Tunisia. Huku kwetu hawako. Pembe za ayala dume zina matawi kama mti, tena ni mfupa mtupu. Kila mwaka huanguka, kisha huota nyingine. Kwa hiyo ayala aliyekula vibaya mwaka huu aweza kuwa na pembe nzuri zaidi mwaka ujao.

Pembe za mbawala si hivyo. Ndani mna kiini cha mfupa kilichoshikamana na fuvu, na juu yake imevikwa ala ngumu, ya namna ile ile ya kucha zetu na kwato za ng'ombe. Haziangushwi kamwe. Mbawala hupewa jozi moja tu ya pembe maisha yake yote. Ncha ikivunjika, imevunjika. Dume akiuawa kabla pembe zake hazijakomaa, hakuna mwaka ujao wa kusahihisha.

Pembe za mbawala dume huanza kuchomoza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mara ya kwanza ni fupi na zimenyooka, kisha hujisokota mara moja zikipanda juu. Akifika miaka mitatu hivi, zimekaribia urefu wake wote. Baada ya hapo hunenepa chini kuliko kurefuka juu, na kwa wazee sana ncha huanza kusagika kwa kusuguliwa kwenye miti na udongo. Hivyo pembe ndefu kupita zote si lazima ziwe za dume mzee kupita wote.

3. VIPIMO VYA KWELI

Sasa tuje kwenye tarakimu. Tukumbuke kwamba shubiri moja ni kama sentimeta 23, na dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimeta 46.

Paa, yule mdogo wa vichakani: uzito wake ni kilo 5 hivi, na pembe za dume ni sentimeta 7 mpaka 13.

Funo, aliye mwekundu: uzito wake ni kilo 15 hivi, na pembe zake aghalabu hazizidi sentimeta 10.

Minde, aishiye katika misitu ya milima ya Tanzania peke yake, kama Udzungwa na Kilimanjaro: uzito wake waweza kufika kilo 55 au zaidi, lakini pembe zake ni sentimeta 8 mpaka 12 tu.

Mbawala dume mzima: pembe sentimeta 25 mpaka 35 kwa wengi. Akifika 40 ni mkubwa sana. Wapitao nusu mita ni wachache mno.

Tandala mdogo, aishiye kwenye vichaka vikavu vya Mkomazi chini ya milima yetu: pembe sentimeta 60 mpaka 90.

Tandala mkubwa: pembe zake hupita mita moja.

Katika orodha hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, ukubwa wa mwili si ukubwa wa pembe. Minde aweza kumlingana mbawala kwa uzito, lakini pembe zake mtu azifunika kwa kiganja. Mnyama apitaye kwenye msitu mnene kwa kuinamisha kichwa hana faida ya kubeba pembe ndefu.

La pili, mbawala wa dhiraa mbili hayuko duniani. Dhiraa mbili ni sentimeta 92, nacho ni kipimo cha tandala mdogo aliye bora. Nadhani hapa ndipo ulipo mzizi wa ubishi wetu. Zamani watu wa milimani na watu wa nyika walibadilishana vitu vingi sokoni, na pembe ndefu za tandala zimetumika tangu kale kuwa baragumu. Pembe ikikaa nyumbani vizazi viwili, asili yake husahauliwa, na wajukuu hudhani babu aliipata msitu wa jirani. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: hesabu misokoto. Pembe ya mbawala ina msokoto mmoja. Pembe ya tandala mdogo ina miwili au zaidi.

Basi, kwa mbawala wa milima yetu, jibu la swali letu ni hili: tarajia shubiri moja na vidole vitatu au vinne. Huyo ni dume mzima wa kawaida, wala hana aibu yo yote.

4. KWA NINI TWASIKIA VIPIMO VIKUBWA?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, mbona pembe zilizotundikwa ukutani ni ndefu kuliko hizo? Jibu ni kwamba pembe ndefu hutunzwa, fupi hutupwa, au hutobolewa zikatiwa tumbaku. Ukuta hauonyeshi mnyama wa kawaida. Ukuta waonyesha mnyama aliyechaguliwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mtu katika maisha yake aliua mbawala madume watano, na pembe zao zilikuwa sentimeta 24, 28, 30, 31 na 42. Jumla yake ni 155. Tukigawanya kwa 5, wastani ni 31. Lakini mtu huyo hakutunza zote. Alitupa zile tatu fupi, akabaki na 31 na 42, ambazo wastani wake ni 36 na nusu. Baadaye nyumba ikajengwa upya, akabakiza moja tu, ile ya 42. Mjukuu anapozaliwa, aiona pembe ya sentimeta 42, naye huamini kwamba mbawala wa zamani walikuwa hivyo wote. Hakuna aliyesema uwongo katika mfano huu, wala hakuna aliyeongeza hata nukta moja. Hata hivyo mjukuu amekosa kwa sentimeta 11.

Hali hiyo yapatikana katika vitabu pia. Mwaka 1892 Rowland Ward wa London alitoa kitabu cha vipimo vya pembe za wanyama wakubwa wa dunia nzima, na mpaka leo orodha yenye jina lake yaendelea kuchapishwa. Ni kitabu cha maana, lakini ni kitabu cha washindi. Mtu akisoma orodha ya wakimbiaji wa Olimpiki na kudhani ndiyo mbio ya mtu wa kawaida, atamcheka bure ndugu yake akimwona akikimbia uwanjani kwetu.

Wamarekani nao wana chama kiitwacho Boone and Crockett, kilichoanzishwa mwaka 1887. Chama hicho hujumlisha urefu, unene na matawi ya pembe za ayala kwa inchi, na hutaka alama 170 ili ayala wa mkia mweupe mwenye pembe za kawaida aandikwe katika orodha yake ya daima. Mwaka 1993 ayala mmoja katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, alipata alama 213 na kitu, akawa wa kwanza wa aina yake. Picha yake imetazamwa na watu wengi mno. Lakini wawindaji wengi wa nchi zile huwinda maisha yao yote wasimwone hata wa 170. Kosa la kumtazamia mshindi kila mahali si letu sisi peke yetu.

5. UPINDE HAUCHAGUI

Sababu ya pili ni silaha yenyewe. Mwenye bunduki aweza kukaa mbali, akawatazama wanyama kwa darubini na kumchagua amtakaye. Mpiga upinde sharti akaribie hatua 20 au 30, na katika msitu wetu, kwa wingi wa majani, pengine asione hata mbali kiasi hicho. Tena mshale si risasi. Mnyama husikia mlio wa uzi, huinama au kuruka kabla mshale haujafika. Kwa hiyo mpiga upinde hapati mnyama mkubwa kupita wote wa msitu. Hupata yule aliyepita karibu. Na apitaye karibu aghalabu ni kijana asiyejua hatari. Dume mzee amefika uzee kwa sababu hapiti karibu.

Wahadza wa Ziwa Eyasi wanajua jambo hili kuliko sisi. Mpaka leo wako miongoni mwao wawindao kwa upinde mkubwa na mishale yenye sumu ya mimea, na wakati wa kiangazi hujificha usiku karibu na maji wakingoja. Wao huwinda kwa ajili ya chakula. Hawamwulizi mnyama urefu wa pembe zake, kwa maana pembe haziliwi.

Kuna habari nyingine inayogusa nchi yetu. Mwaka 1925 walikuja Tanganyika wapiga upinde wawili kutoka Marekani, daktari Saxton Pope na mwenzake Arthur Young. Pope alikuwa amefundishwa upinde na Ishi, mtu wa kabila la Yahi, Wahindi Wekundu wa California, ambaye alifariki mwaka 1916. Walikuja kuwinda simba kwa mishale, na rafiki yao Stewart Edward White alikuwa pamoja nao na bunduki, tayari kuwaokoa. Mwaka 1961 wapiga upinde wa Marekani walianzisha chama cha kuandika vipimo, wakakiita kwa majina ya watu hao wawili, Pope and Young. Sasa angalieni: katika chama hicho ayala wa mkia mweupe huandikwa akipata alama 125 tu, wala si 170. Hata watu wenye pinde za kisasa, wanaofanya uwindaji kuwa mchezo, wamekubali kwamba kipimo cha upinde ni kimoja na kipimo cha bunduki ni kingine. Sisi tuna sababu gani ya kujidai zaidi?

6. PEMBE NI MIAKA

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Wataalamu wa wanyama hufundisha kwamba ukubwa wa pembe watokana na mambo matatu: urithi, chakula, na umri. Urithi hatuwezi kuubadilisha. Chakula cha mbawala katika milima yetu si kibaya, kwa kuwa mvua zanyesha na majani hayakosekani. Jambo linalokosekana ni umri.

Mbawala aweza kuishi miaka kumi na zaidi akiachwa. Lakini fikirini maisha yake katika nchi iliyojaa watu kama yetu. Tangu wakati wa Wajerumani, walipouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, misitu ya Usambara imekatwa kwa mbao, kwa kahawa na chai, na kwa mashamba ya chakula na mboga. Kilichobaki ni vipande vipande, na mnyama atokaye kipande kimoja kwenda kingine hupita katikati ya mashamba, mbwa, na mitego ya waya. Mtego wa waya hautazami jike wala dume, mtoto wala mzazi. Dume akinaswa ana mwaka mmoja na nusu, pembe zake ni ncha mbili fupi tu. Yule aliyekusudiwa kuwa na sentimeta 40 ameuawa akiwa na 15.

Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mbawala wa siku hizi ni wa mbegu mbaya, na wa zamani walikuwa wa mbegu nzuri, amekosa njia. Yawezekana mbegu ni ile ile. Tofauti ni kwamba wa zamani walipata nafasi ya kuwa wazee. Pembe ni miaka iliyowekwa akiba, na asiyempa mnyama miaka hana haki ya kumdai pembe.

Serikali nayo imeiona kanuni hii kwa wanyama wengine. Tangu mwaka 2010 kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania zahimiza kwamba simba apigwaye awe dume wa miaka sita au zaidi. Hazikutaja kwanza uzuri wa manyoya yake, zilitaja umri.

7. SIFA YA MWINDAJI NI NINI?

Huenda mtu aseme kwamba nawavunja moyo wenzangu, na kwamba uwindaji ni sifa ya Wasambaa tangu kale. Ni kweli. Sote tumesimuliwa habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akaja kutawala Usambara katika karne ya 18, na ukoo wake wa Wakilindi ukaketi Vuga. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi.

Lakini tuzitazame vizuri habari zile. Mbegha alisifiwa kwa nini? Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, na nyama aliyoipata aliwagawia. Nguruwe hana pembe hata moja. Hakuna asimuliaye kwamba wazee walimpa nchi kwa sababu alitundika ukutani kitu kirefu. Walimpa nchi kwa sababu aliwafaa. Kwa desturi yetu wenyewe, basi, kipimo cha mwindaji hakikuwa utepe, kilikuwa faida kwa jirani.

8. SHERIA, NA NJIA YA KUPIMA PASIPO KUUA

Somo hili si mwito wa kwenda msituni na upinde. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda pasipo kibali, yakataza sumu na mitego, na yafanya kosa kuwa na pembe, ngozi au meno ya mnyama wa porini bila hati. Msitu wa Magamba, wenye zaidi ya hekta 9,000, ni hifadhi ya mazingira asilia. Mkomazi lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Taifa. Humo mote haikubaliwi kuwinda. Kwa hiyo mwanafunzi akiokota pembe msituni asiilete shuleni hata kwa ajili ya somo. Aiache pale pale, akamwarifu askari wa msitu.

Hata hivyo twaweza kujifunza kupima. Kwa mazoezi, tumieni pembe za mbuzi beberu aliyechinjwa nyumbani. Chukueni utepe wa fundi cherehani. Kwanza pimeni kwa mstari ulionyooka kutoka shina mpaka ncha. Kisha pimeni tena utepe ukifuata mkunjo wa pembe. Mtaona tarakimu mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Hakuna iliyo ya uwongo, lakini mpimaji asiposema ametumia njia ipi, ubishi hautakwisha.

Kwa mbawala aliye hai, jicho laweza kufanya kazi ya utepe. Akisimama kando ya msitu jioni na kukutazama, linganisheni pembe na masikio yake. Zikiwa sawa na masikio, ni kijana. Zikizidi masikio mara mbili, huyo ni dume mkubwa kwelikweli, na mwenye kumwona apaswa kushukuru. Siku hizi wataalamu hufunga kamera miti kandokando ya njia za wanyama. Kamera humpiga picha mnyama apitapo usiku, na baada ya mwaka mmoja huweza kumpiga yule yule tena, na pembe zake zikiwa zimeongezeka. Huo ni uwindaji ambao mnyama mmoja awatosha watu wengi, na kesho yake bado yupo.

Wazazi wetu watusaidie kwa jambo moja. Wanapotusimulia habari za wanyama wa zamani, watuambie na wale wadogo pia: yule aliyekosekana, na yule aliyekuwa na pembe fupi akatupwa. Bila hao hatuwezi kupata wastani, na bila wastani tutazidi kuwawekea wanyama wetu deni wasiloweza kulilipa.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Mtu akuonyesha pembe ya sentimeta 75 yenye misokoto miwili na nusu, asema ni ya mbawala wa Magamba. Utamjibu nini, na kwa ushahidi gani?

2. Pembe za madume sita zilipimwa kuwa sentimeta 15, 22, 27, 29, 33 na 36. Tafuta wastani. Kisha tupa zile tatu fupi, utafute wastani tena. Tofauti ni sentimeta ngapi, na imeletwa na nini?

3. Kwa nini ayala aliyekula vibaya mwaka mmoja aweza kupata pembe nzuri mwaka ufuatao, lakini mbawala aliyevunjika ncha hawezi kupata nyingine?

4. Taja mambo matatu yaletayo pembe kubwa. Ni lipi kati ya hayo ambalo watu wa kijiji chako wanaweza kuliongeza bila gharama yo yote?